Picha Moja Yenye Uso wa Mio

Sehemu ya tisa

Mikono miwili, kamera moja. Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, na nasikia kuna waliokosa usingizi. Poleni. Mzee mmoja wa Sakai amediriki kuniandikia barua, ananiamuru nimpe Kuwabara hiyo kamera yaishe. Mzee wangu, hadithi si yako, na Kuwabara bado hajahangaika vya kutosha.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa ajili ya kufungia samaki, mambo yako hivi. Hisanori Kuwabara ni fundi wa lifti hapa Osaka, ana mke na mtoto mmoja. Kesho Jumapili ni siku ya michezo shuleni kwa bintiye Mio. Mio yuko darasa la sita, mwakani anaenda sekondari, kwa hiyo hii ndiyo ya mwisho.

Miaka mitano mfululizo Kuwabara amempiga picha Mio akikimbia, na katika miaka yote hiyo hakuna hata moja yenye uso wake. Mwaka wa kwanza alipata vumbi. Wa pili alimfuata na kamera mtoto wa watu mbio nzima, maana wote wamevaa kofia nyeupe na kaptula za aina moja, na mama mkwe akaitundika ile picha ukutani miezi minne kabla ya kugundua kwamba kila asubuhi anamsalimia mjukuu wa jirani. Wa tatu alipata mgongo wa mwalimu mkuu. Wa nne, mawingu. Wa tano, kidole chake mwenyewe, na kilitoka vizuri sana.

Mwaka huu Mio alimwomba kitu kimoja. "Baba, picha moja tu. Yenye uso."

Basi tuko dukani, mtaa wa Nipponbashi, mbele ya kamera kubwa nyeusi, ya mwisho iliyobaki. Mkono wa kwanza ni wa Kuwabara. Wa pili ni wa Yoshiteru Ejiri, aliyemuoa dada mkubwa wa mke wa Kuwabara. Wanyumba hao. Binti yake Ejiri, Hinako, yuko darasa moja na Mio.

"Toa mkono, mwanyumba," alisema Ejiri.

"Mimi ndiye niliyeigusa kwanza."

"Wewe umeigusa. Mimi nimeishika. Kugusa na kushika ni vitu viwili."

"Una kamera tatu nyumbani."

"Nimezileta hizo hapo kaunta, nazibadilisha kwa hii. Wewe umeleta nini? Kidole?"

Nyuma ya kaunta alisimama muuzaji, Bi Ogata, mama wa miaka hamsini na ushei, amevaa koti la duka, mikono ameikunja kifuani. Kila mwaka michezo ya shule ikikaribia humiminikiwa na akina baba wa namna hii, na hana hamu nao.

"Msinivunjie kamera," alisema. "Amueni kwa janken."

Nani angekataa? Mtu mzima akikataa jiwe, karatasi, mkasi mbele ya watu, ameshindwa tayari. Wakaiweka kamera chini, wakakunja mikono ya mashati.

Jiwe kwa jiwe. Tena. Mkasi kwa mkasi. Tena. Karatasi kwa karatasi. Watu wakaanza kusogea kutoka upande wa majokofu. Hawa mabwana wamegombea kipande cha mwisho cha kila chakula mezani kwa mama mkwe kwa miaka kumi na tano, na kila mara wameamua kwa janken, kwa hiyo wanajuana mpaka vidole. Walitoka sare mara kumi na moja. Bibi mmoja aliyekuja kununua betri ya saa akaomba kiti.

Ya kumi na mbili, Kuwabara akajiambia, huyu anadhani nitatoa jiwe, kwa hiyo atatoa karatasi, kwa hiyo nitoe mkasi, lakini anajua nitafikiri hivyo, kwa hiyo atatoa jiwe, basi nitoe karatasi.

Ejiri hakufikiri kitu. Alitoa mkasi.

Umati wote ukasema "aaa" kwa pamoja, kisha kila mtu akarudi kwenye majokofu yake.

"Na lenzi?" Bi Ogata alimuuliza Ejiri. "Hii ni mwili mtupu. Haina lenzi."

"Ninayo nyumbani. Ndefu hivi." Ejiri alionyesha kutoka begani mpaka kwenye kiganja.

"Ya kampuni gani? Kila kampuni ina mdomo wake. Isiyo ya hapa haiingii."

"Mama, mimi nimesoma majarida ya kamera miezi mitatu."

"Sijakuuliza umesoma nini. Betri ya akiba?"

"Ninayo."

"Memori kadi?"

"Ninayo."

"Masikio?"

"Ninayo," alisema Ejiri, kabla hajasikia.

Bi Ogata akamfungia boksi lake bila kuongeza neno. Ejiri akalikumbatia, akamgeukia Kuwabara. "Kesho usijisumbue, mwanyumba. Kaa kwenye turubai ule matonge yako ya wali. Nikipata nafasi nitampiga picha Mio pia."

Akaondoka zake. Kuwabara alitamani sakafu ipasuke aingie.

"Nipe kamera yoyote," alimwambia Bi Ogata.

"Dukani kwangu hakuna kamera inayoitwa yoyote. Hebu niambie, hiyo miaka mitano tatizo lilikuwa nini?"

"Jua. Umati. Upepo. Na kamera zenyewe mbovu."

"Shika hii ya maonyesho, unipige. Nitakimbia kutoka kwenye majokofu mpaka kwenye majiko ya wali."

Na kweli akakimbia, mama wa watu. Kuwabara akaweka jicho kwenye kidirisha, akabonyeza. Wakatazama. Taa ya dari. Akakimbia tena. Mara hii ilitoka mashine ya kufulia, mlango uko wazi.

"Sawa," Bi Ogata alisema, akihema. "Sasa sikimbii. Nimesimama hapa hapa mbele yako. Nipige."

Kuwabara akainua kamera. Bi Ogata hakuitazama kamera, alimtazama yeye. Kitufe kikalia.

"Bwana mteja, ukibonyeza unafunga macho?"

"Nafunga moja, kama kila mtu."

"Unafunga yote mawili. Unafunga kama mtu anayesubiri kofi."

Kuwabara alikataa. Bi Ogata akamletea kioo cha kunyolea kutoka rafu ya pili, akamsimamisha mbele yake, akamwambia abonyeze. Kuwabara akabonyeza, akasema hajaona kitu. Akabonyeza tena. Hajaona kitu. Mara ya tatu ndipo alipoelewa kwa nini hajaona kitu.

Akakaa juu ya boksi la jiko la wali.

"Miaka mitano," alisema. "Kampuni moja niliiandikia barua ya malalamiko, kurasa tatu. Wakaniomba radhi."

"Basi yule bwana amekuokoa. Angekuachia ile nyeusi ungempiga tena mwalimu mkuu mgongo, tena kwa karibu zaidi." Bi Ogata akainama chini ya kaunta, akatoa kitu cha rangi ya fedha, kidogo kama kipande cha sabuni. "Hii hapa."

"Hiyo si wananunua mabibi wa kupiga maua?"

"Na mabibi picha zao zinatoka. Haina kidirisha cha kuchungulia. Unainyoosha mbele hivi, unatazama kioo chake cha nyuma. Iko mbali na jicho, jicho halina cha kuogopa."

Kuwabara akainyoosha, akabonyeza. Macho yalibaki wazi. Alibonyeza mara nne zaidi kwa furaha tu.

"Ina ubaya mmoja," Bi Ogata alisema. "Inachelewa kidogo. Unabonyeza sasa, yenyewe inavuta pumzi kwanza, halafu ndiyo inapiga. Mtoto wako akifika mbele yako ukabonyeza, utapata vumbi lake. Lazima ubonyeze kabla hajafika."

"Kabla kiasi gani?"

"Hapo ndipo kazi ilipo. Kaa pale." Na akavua viatu.

Wasomaji wangu, alikimbia mara arobaini na moja. Kuwabara akapata majokofu. Akapata majiko. Akapata kisigino. Akapata yule bibi wa betri ya saa, aliyekuwa amehamishia kiti chake pale karibu ili aone vizuri. Meneja akaja, akatazama, akaondoka taratibu.

Kwenye ya kumi na tisa Bi Ogata akasimama, ameshika kiuno. "Wewe kazi yako nini?"

"Fundi wa lifti."

"Lifti inafunga breki ikishafika ghorofani?"

Kuwabara akamtazama kana kwamba kamtukania mama. "Ikishafika? Itawapitisha watu. Inaanza kufunga kabla, kulingana na mwendo wake."

"Sasa si ndiyo hayo hayo."

Ya ishirini ilitoka na uso. Ya ishirini na moja, uso. Ikawa uso mtupu mpaka mwisho, nywele zimefumuka, soksi moja imevuka. Kwenye ya thelathini na tano Bi Ogata alikuwa anacheka hata hawezi kukimbia vizuri. Kuwabara alitaka kumkumbatia, lakini alikumbuka yuko dukani kwa watu, akainamisha kichwa mara tisa.

Kisha akataka kununua duka zima, kama wanavyofanya wanaume wakishafurahi.

"Nipe na stendi ya miguu mitatu."

"Shule imekataza stendi. Soma karatasi waliyokutumia."

"Mkoba?"

"Mfuko wa suruali unatosha."

"Ile brashi ya kufutia lenzi?"

"Una shati." Bi Ogata alimwekea memori kadi, betri ya akiba, na kamba ya kuvaa mkononi, basi. "Betri ichaji leo hii hii. Hiyo iliyomo umeimaliza kwa kunikimbiza."

Kuwabara alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Mkewe Sanae alikuwa jikoni anakunja mayai ya kukaanga ya chakula cha kesho. Kuwabara akaweka betri mpya, akampa kamera, kifua mbele. Sanae akafuta mikono, akaanza kupitisha picha moja moja.

"Baba Mio."

"Naam."

"Huyu mwanamke ni nani?"

"Muuzaji."

"Mbona anakimbia?"

"Tulikubaliana akimbie."

"Na kiatu chake kiko wapi?"

"Alivua mwenyewe."

"Mh." Sanae akapitisha nyingine, na nyingine. "Hapa anacheka nini?"

"Hiyo ya thelathini na tano. Alikuwa amechoka."

Sanae alirudi kwenye mayai yake, lakini aliyakunja kwa nguvu kidogo. Ingechukua kama nusu saa kulieleza hilo, na Kuwabara angelieleza, ila Mio alikuwa ameichukua kamera. Akakaa chini kwenye mkeka akazitazama zote. Uso. Uso. Uso. Baba yake alimkodolea macho akisubiri kupongezwa.

"Baba," Mio alisema, "kesho sikimbii."

"Nini?"

"Nilimwambia mwalimu kifundo cha mguu kinauma. Hakiumi. Kwenye kupokezana vijiti Hinako ndiye atakayemaliza badala yangu."

"Lakini mbio za kumalizia ni zako. Umezisubiri tangu darasa la kwanza."

Mio aligeuza ile kamera mikononi. "Kila mwaka tukirudi unajifungia bafuni, unafungulia maji, unadhani hatusikii. Nikasema nisipokimbia, hutakosa picha."

Hapa mwandishi wenu aliweka kalamu chini akapenga kamasi. Tayari, tuendelee.

 Kuwabara aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaacha mbio zake ili baba asilie, na baba huku anashindana janken. Akafungua mdomo, na simu yake mfukoni ikaita.

Ni Ejiri.

"Mwanyumba," ilisema sauti, ndogo kuliko kawaida. "Ile lenzi."

"Imefanyaje?"

"Haiingii."

Kuwabara akameza furaha yake. Siku nyingine angeiomba sentensi hiyo irudiwe mara tatu.

"Nimempigia yule mama wa dukani," Ejiri aliendelea. "Ya kuingia haipo mpaka Jumanne. Zile kamera zangu tatu ameshaziuza zote. Amesema wewe umeondoka na ndogo ya fedha, na kwamba umefuzu."

"Ejiri, sikiliza. Mwambie Hinako amrudishie Mio nafasi yake. Mguu wa Mio ni mzima."

 Kisha ile sauti ikarudi kuwa ya Ejiri tunayemjua. "Kamera."

"Kamera nini?"

"Nipe kamera hiyo, Hinako ampe Mio nafasi. Hutaki, sawa, baki nayo. Kesho mpige Mio akiwa amekaa kwenye turubai. Uso utatoka vizuri tu, maana hatatikisika."

Kuwabara alimtazama Mio. Mio alikuwa anatikisa kichwa, usimpe, usimpe.

"Njoo uichukue," Kuwabara alisema.

Ejiri alifika kwa baiskeli baada ya dakika saba. Hakuvua hata viatu. Akapokea kamera, akapokea betri ya akiba, akaomba na kamba ya mkononi, akapewa. "Hinako ameshakubali," alisema mlangoni, na ngazi zikasikika akishuka.

Mio alisema baba yake ni mjinga. Alisema hivyo huku anaruka ruka mpaka mtu wa chini akagonga dari yake. Viatu vya mbio vilikuwa vimeshatolewa kabatini. Picha haipo tena, lakini mtoto atakimbia, na Kuwabara aliona amefanya biashara nzuri kuliko zote maishani mwake.

Ndipo alipompigia mwalimu. Najua, msomaji. Wewe ungempigia mwalimu kwanza, kamera baadaye. Ndiyo maana hakuna anayeandika hadithi juu yako.

Namba ilikuwa kwenye orodha ya darasa iliyobandikwa mlangoni mwa jokofu. Mwalimu Shirakawa alisikiliza yote, akasema ndiyo, ndiyo, akavuta pumzi kwa meno, na Kuwabara akajua jibu ni hapana.

"Baba Mio, naomba radhi kweli. Ratiba imechapwa saa tisa. Majina ya wakimbiaji wa vijiti yamo, na mwalimu mkuu ameshagonga mhuri."

"Mhuri hauwezi kugongwa tena?"

"Ratiba mia nne na sitini, Baba Mio. Ameigonga kila moja kwa mkono wake."

Kuwabara akakaa chini. Mbio hazipo. Kamera haipo. Mio alikuwa mlangoni, ameshavaa kiatu kimoja, anamtazama, na tabasamu linaanza kumshuka.

"Lakini," Mwalimu Shirakawa alisema, "kuna nafasi moja. Ni zile mbio za mzazi na mtoto wa darasa la sita, wanazofungwa mguu kwa mguu. Jozi moja imejitoa leo, baba ameteguka kiuno. Zile hazina majina kwenye ratiba. Zimeandikwa mzazi na mtoto, basi."

Kuwabara akafunika simu kwa kiganja. "Mio. Mguu kwa mguu, utakimbia?"

"Na nani?"

"Na mimi."

 Mio alikwenda akachukua taulo la jikoni, akapiga magoti, akaufunga mguu wa baba yake na wake, mafundo mawili. Mguu wa ndani, wa nje, wa ndani, wa nje. Walivuka chumba vizuri mara moja, na mara ya pili wakaangukia kwenye mlango wa karatasi wakautoboa. Sanae, aliyekuwa bado ana lake moyoni, alicheka mpaka akasahau lilikuwa lipi.

Kisha akaacha kucheka.

"Ngojeni. Nyinyi wote wawili mko uwanjani. Kamera iko kwa Ejiri. Picha nani anapiga? Mimi nina zamu ya chai ya wazazi, kama kila mwaka."

Wakatazamana. Na bado wamefungwa taulo, Kuwabara na Mio wakakimbilia barazani wakishikilia ukuta, wakachungulia chini. Bahati ilikuwa upande wao. Ejiri alikuwa hajaondoka. Alikuwa amesimama kando ya baiskeli yake anatazama picha arobaini na moja za Bi Ogata, moja moja, mdomo wazi.

"Baba mkubwa," Mio aliita. "Kesho utatupiga picha mimi na baba? Moja tu. Yenye uso."

Ejiri alitazama juu. Akatazama ile kamera mkononi, akamtazama mtoto, na nitasema ukweli ingawa simpendi, aliona haya. "Kwenye zile mbio za vijiti?"

"Za mzazi na mtoto. Za kufungwa miguu."

"Saa nne na nusu?"

"Ndiyo."

Ejiri aliizima kamera. Kisha akaegemeza baiskeli ukutani, akakaa juu ya ngazi ya chini kabisa, kamera mapajani.

"Saa nne na nusu," alisema, "mimi na Hinako tumefungwa kwenye mstari wa pembeni yenu."